Taa Iliyofifia: Kumbukumbu za Kutafuta Hitilafu katika Saketi za Malango ya Mantiki

Lango la mantiki ni saketi ndogo ya kielektroniki inayopokea hali moja au zaidi za umeme na kutoa hali moja kama jibu, na hali hizo ni mbili tu: ya juu, inayohesabiwa kuwa 1, na ya chini, inayohesabiwa kuwa 0. Lango la AND, lenye maana ya "na", hutoa 1 pale tu ambapo maingizo yake yote ni 1. Lango la OR, lenye maana ya "au", hutoa 1 iwapo angalau ingizo moja ni 1. Lango la NOT hugeuza 1 kuwa 0 na 0 kuwa 1. Lango la XOR hutoa 1 pale maingizo yake mawili yanapotofautiana. Na malango ya NAND na NOR ni AND na OR ambayo majibu yake yamegeuzwa. Msingi wa hesabu hizi uliwekwa na mwanahisabati George Boole katika kitabu chake cha mwaka 1854 kuhusu sheria za fikra, na mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa mwanafunzi wa MIT nchini Marekani, alionyesha katika tasnifu yake ya shahada ya uzamili kwamba rilei na swichi zinaweza kuitekeleza aljebra hiyo hiyo kwa umeme. Karatasini, basi, lango halikosei.

Mezani mambo hubadilika. Waya hulegea, mguu wa chipu hujikunja chini ya tumbo lake badala ya kuingia tunduni, umeme unaodhaniwa umefika huwa haujafika, na saketi iliyo sahihi mchoroni hutoa majibu yasiyo na kichwa wala miguu. Kumbukumbu hizi, zinazotokana na miaka ambayo mwandishi alisomea elektroniki katika chuo kimoja cha ufundi jijini Dar es Salaam, zinahusu kazi hiyo ya kutafuta hitilafu, na hoja yake ni moja: mara nyingi chipu inayoshutumiwa haina kosa, na kosa limo katika jambo ambalo mjenzi aliliamini bila kulipima.

Ubao wa majaribio, ambao mafundi huuita bredibodi, ulipata jina lake la Kiingereza kutokana na mbao za kukatia mkate, ambazo wapenzi wa redio wa zamani walizipigilia misumari na kufungia vifaa vyao juu yake. Ubao wa leo ni wa plastiki yenye matundu yaliyoachana kwa milimita 2.54, na chini ya matundu hayo kuna vibanio vya chuma vinavyounganisha matundu matano matano. Katikati unapita mfereji, na chipu hukaa ikiwa imeutambuka mfereji huo, safu moja ya miguu upande huu na nyingine upande wa pili, ili miguu inayotazamana isishikwe na kibanio kimoja. Pembeni kuna reli za umeme, yaani mistari mirefu ya matundu yaliyounganishwa ili kugawa umeme wa chanya na wa hasi kwa saketi nzima. Ubao wa ukubwa wa kawaida una matundu 830, yakiwamo 630 ya kujengea na 200 ya reli, na kila tundu linalotumika ni mahali ambapo umeme unaweza kupita au kukwama.

Chipu zilizotumika maabarani zilikuwa za mfululizo wa 7400, ambao kampuni ya Texas Instruments ya Marekani iliutoa katika miaka ya 1960 na ambao watengenezaji wengine waliuiga hadi ukawa lugha ya pamoja ya mafunzo ya elektroniki. Chipu ya 7400 yenyewe ina malango manne ya NAND, 7404 ina malango sita ya NOT, 7408 ina manne ya AND, 7432 ina manne ya OR na 7486 ina manne ya XOR. Zote tano zina miguu 14, na pengo la kichwani likiwa juu, hesabu ya miguu huanza kushoto juu, hushuka hadi mguu wa 7, kisha huvuka na kupanda hadi mguu wa 14. Katika chipu hizi tano mguu wa 14 hupokea umeme wa chanya na mguu wa 7 huenda kwenye hasi. Herufi zinazoandikwa katikati ya namba hutaja ukoo: 74LS08 ni ya ukoo wa TTL, ambao transista zake hutawaliwa na mkondo, na 74HC08 ni ya ukoo wa CMOS, ambao transista zake hutawaliwa na volteji. Tofauti hiyo ya herufi mbili, ambayo mwanafunzi huiruka kwa macho, itaonekana hapa chini kuwa chanzo cha usumbufu mkubwa.

Vifaa vya maabara hiyo havikuwa vingi. Bredibodi zilikuwa zimepita mikononi mwa madarasa mengi, vibanio vyake vimepanuliwa na nyaya nene za kufungia umeme wa nyumba, na hewa ya chumvi ya pwani ilikuwa imeacha kutu kwenye baadhi yake. Nyaya za kuungia zilipatikana kwa kuchuna kebo za mtandao, kwa sababu kila waya ndani yake ni uzi mmoja wa shaba wenye unene wa nusu milimita hivi, unaoingia tunduni bila kujikunja. Chipu zilinunuliwa Kariakoo, na zilipokosekana zilichomolewa kwenye mashine zilizotupwa. Volti 5 zilitoka kwenye chaja ya simu iliyokatwa kebo. Katika mazingira hayo haikushangaza kwamba kauli iliyosikika zaidi kati ya meza na meza ilikuwa "IC imekufa", IC ikiwa jina jingine la chipu.

Msimamizi wa maabara alikuwa fundi wa makamo ambaye wanafunzi walimwita Mzee kwa heshima, na hakuwahi kuikubali kauli hiyo ikiwa tupu. Mwanafunzi aliposema, "Shikamoo Mzee, naomba IC nyingine, hii imekufa," aliitikiwa marahaba, kisha akaulizwa kwa upole, "Umeipima, mwanangu, au umeidhania?" Baada ya hapo alikabidhiwa multimita, yaani kipimo cha volteji, mkondo na ukinzani, na hakupewa chipu ya pili mpaka arudi na namba alizoziandika mwenyewe, volteji ya kila mguu kuanzia wa 1 hadi wa 14. Wengi hawakurudi kuomba, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuiona hitilafu yao kabla ya kufika mguu wa mwisho.

Somo la kwanza, na ndilo lililomkaa mwandishi moyoni kuliko yote, lilitokana na kijumlishi kamili, yaani saketi inayojumlisha tarakimu mbili za mfumo wa 0 na 1 pamoja na tarakimu iliyobebwa kutoka safu iliyotangulia. Saketi hiyo hujengwa kwa malango mawili ya XOR, mawili ya AND na moja la OR, na kwa kuwa ina maingizo matatu, jedwali lake la ukweli, yaani orodha ya kila mchanganyiko wa maingizo na jibu lake, lina mistari minane. Mwandishi na mwenzake wa meza waliijenga kwa 74HC86, 74HC08 na 74HC32, wakazipanga chipu hizo tatu kwa mfuatano kwenye ubao mrefu, wakaweka taa moja ya LED kuonyesha jumla na nyingine kuonyesha tarakimu ya kubeba, kila taa na rezista yake ya omu 330 ya kupunguza mkondo. Walipopandisha na kushusha swichi kwa kufuata jedwali, mistari yote minane ilijibu sawasawa, nao wakafunga daftari na kumwita msimamizi aje kutia sahihi.

Mzee hakulitazama jedwali. Alizitazama taa, akauliza kwa nini taa ya kubeba inawaka hafifu kuliko ya jumla, ilhali taa ni za aina moja na rezista zina thamani moja. Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa maana hakuna aliyekuwa ameligundua jambo lenyewe. Wote wawili walikuwa wakiangalia kama taa imewaka au haikuwaka, na swali la imewaka vipi halikuwamo katika jedwali. Mzee akashusha swichi zote tatu hadi 0, akaweka ncha moja ya multimita kwenye mguu wa 14 wa chipu ya OR na nyingine kwenye mguu wake wa 7, na kipimo kikaonyesha karibu sifuri mahali palipopaswa kuwa na volti 5. Alipopandisha swichi mbili, kipimo kikapanda hadi karibu volti 4. Chipu ya OR haikuwa imepata umeme wake tangu ilipochomekwa.

Sababu zilikuwa mbili, moja ya ubao na nyingine ya chipu. Katika bredibodi nyingi ndefu reli ya umeme haiendi moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, bali imekatwa katikati, na dalili yake pekee ni pengo dogo katika mistari myekundu na ya buluu iliyochorwa pembeni. Chipu ya tatu ilikaa ng'ambo ya mkato huo. Upande wa hasi wanafunzi hao walikuwa wameuvusha kwa waya, kwa sababu taa zao zilihitaji hasi. Upande wa chanya waliuacha, wakiamini kwamba reli iliyonyooka kwa macho imenyooka kwa umeme pia.

Sababu ya pili ndiyo iliyoificha ya kwanza. Kila mguu wa kuingiza wa chipu za HC una dayodi za kinga ndani yake, yaani vipitishi vya umeme vya upande mmoja vilivyowekwa kuilinda chipu dhidi ya umeme tuli unaotoka mikononi mwa watu, na moja ya dayodi hizo inaelekea kwenye mguu wa chanya. Chipu ya AND ilipopeleka 1 kwenye mguu wa chipu ya OR, umeme ulipita kwenye dayodi hiyo, ukapungua kwa zaidi ya nusu volti, kisha ukailisha chipu nzima kwa mlango wa nyuma. Lango la OR likapata nguvu ya kusema 1 kwa sababu lilikuwa limeambiwa 1, na lilipoambiwa 0 pande zote mbili halikuwa na umeme wowote, taa ikazimika, na kuzimika huko kukasomwa kuwa 0 halali. Jedwali la ukweli likatimia lote juu ya chipu isiyokuwa na umeme. Lingekuwa lango la NOT au la NAND, hila hiyo ingefichuka pale maingizo yote yanapokuwa 0, kwa kuwa malango hayo hutakiwa kutoa 1 wakati huo, na lango lisilo na umeme wake lenyewe haliwezi kutoa kitu ambacho halikupewa na yeyote.

Funzo lililotoka hapo lina pande mbili. Upande mmoja ni wa mikono: umeme hupimwa kwenye miguu ya chipu yenyewe, na kipimo kilichochukuliwa kwenye chaja au kwenye reli hakitoshi, kwa kuwa kati ya chanzo na mguu kuna waya, kibanio na mkato, na kila kimoja kinaweza kusaliti. Upande wa pili ni wa akili: jibu sahihi si uthibitisho wa saketi sahihi. Kijumlishi kile kingeweza kutiwa sahihi, kupewa alama zote na kuunganishwa na saketi kubwa zaidi, halafu kikaanza kukosea siku ambayo taa mbili zingewekwa badala ya moja, na hapo lawama zingeiangukia saketi mpya isiyo na hatia.

Somo la pili lilihusu mguu usiounganishwa na kitu. Mwanafunzi anayeanza hudhani kwamba mguu wa kuingiza ulioachwa hewani ni sawa na 0, kwa hoja kwamba hakuna umeme uliopelekwa huko, na dhana hiyo inaonekana ya busara mpaka ipimwe. Mwandishi alijenga saketi ya lango moja la AND kwa 74LS08, akaunganisha swichi kati ya volti 5 na mguu wa 1, nyingine kati ya volti 5 na mguu wa 2, akatarajia kwamba swichi ikifunguliwa mguu utakuwa 0. Taa iliwaka muda wote, swichi zikiwa zimefungwa au zimefunguliwa. Alibadilisha chipu mara tatu, na kila mara taa ikawaka vilevile, jambo ambalo lingetosha kumfundisha kwamba chipu tatu haziwezi kufa kifo kimoja kwa saa moja.

Alipoambiwa aupime mguu wa 1 swichi ikiwa wazi, kipimo hakikuonyesha 0 wala 5, bali volti moja na ushei, eneo ambalo karatasi ya maelezo ya chipu hailiruhusu kabisa. Katika ukoo wa TTL, ingizo huhesabiwa kuwa 0 likiwa chini ya volti 0.8 na kuwa 1 likiwa juu ya volti 2, na eneo la katikati halina mwenyewe. Mguu wa TTL ulioachwa hewani hujivuta wenyewe juu kwa mkondo unaotoka ndani ya chipu, na lango huuchukulia kama 1. Kwa hiyo swichi iliyofunguliwa haikusema "hapana". Haikusema kitu, na chipu ikajaza kimya hicho kwa jibu lake yenyewe.

Mwandishi alipohamia 74HC08 akiwa na saketi ileile, hali ilizidi kustaajabisha. Taa sasa ilimeta bila mpangilio, na mkono ulipokaribia ubao, kabla hata ya kuugusa, taa ilibadilika. Mguu wa CMOS karibu hauchukui mkondo wowote, hivyo ukiachwa hewani hugeuka kuwa antena ndogo inayonasa mawimbi ya umeme wa nyumba, ambao nchini Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, na mwili wa binadamu huongeza kunasa huko. Meza nzima ya wanafunzi ilikusanyika kulitazama jambo hilo kama kiinimacho, na Mzee akaliacha liendelee kwa dakika kadhaa, akisogeza kiganja na kukirudisha, mpaka kila mmoja alipoamini kwamba waya usio na mwenyewe hutawaliwa na yeyote anayepita.

Tiba ya hitilafu hii ni rezista inayoushikilia mguu kwenye hali inayojulikana wakati swichi iko wazi, lakini tiba yenyewe hutegemea ukoo. Kwa chipu ya HC, rezista ya kiloomu 10 kutoka mguuni hadi hasi inatosha kabisa. Kwa chipu ya LS rezista hiyo hiyo haifai, kwa sababu mguu wa LS unaoshushwa hadi 0 husukuma nje mkondo unaoweza kufika miliampia 0.4, na mkondo huo ukipita kwenye kiloomu 10 huupandisha mguu juu ya mpaka wa volti 0.8, ukabaki katika eneo lisilo na mwenyewe. Fundi wa LS huigeuza saketi: huweka rezista kati ya mguu na volti 5, na swichi kati ya mguu na hasi. Kuchanganya koo hizo mbili nako kuna hatari yake, kwani chipu ya LS huahidi kutoa angalau volti 2.7 inaposema 1, ilhali chipu ya HC yenye umeme wa volti 5 hudai volti 3.5 ndipo iamini kwamba imeambiwa 1. Ndiyo maana ukoo wa HCT ulitengenezwa, wenye mwili wa CMOS na masikio ya TTL.

Somo la tatu lilikuwa fupi na la maumivu ya kidole. Duka moja lilipokosa 7400, muuzaji alitoa 7402 na kusema kwamba zinafanana, na mwandishi akaichomeka mahali pa ile ya kwanza bila kufungua karatasi ya maelezo. 7402 ni chipu ya malango manne ya NOR, na mpangilio wa miguu yake ni tofauti: lango lake la kwanza hutoa jibu kwenye mguu wa 1 na kupokea kwenye mguu wa 2 na wa 3, wakati 7400 hupokea kwenye 1 na 2 na kutoa kwenye 3. Swichi iliyopeleka volti 5 kwenye mguu wa 1 ilikuwa ikigombana moja kwa moja na mguu wa kutoa uliokuwa ukijitahidi kushuka hadi 0, na baada ya nusu dakika chipu ilikuwa ya moto kiasi cha kuchoma ncha ya kidole. Baadaye mwandishi alikutana na chipu za kuhesabu za 7490 na 7493, ambazo umeme wa chanya huingia kwenye mguu wa 5 na hasi kwenye mguu wa 10, akajua kwamba miguu ya 14 na 7 ni desturi ya chipu nyingi, lakini si sheria ya chipu zote. Muuzaji hakuwa na kosa kubwa. Kosa lilikuwa la aliyejenga kabla ya kusoma.

Kutokana na masomo haya ulizaliwa utaratibu ambao mwandishi ameufuata tangu hapo, na ambao Mzee aliudai katika kila daftari. Kwanza, chipu huguswa kwa kidole kwa uangalifu, kwa sababu chipu ya moto ni ishara ya kupiga shoti, ya kuchomekwa kinyume au ya miguu miwili inayogombana, na umeme huzimwa papo hapo. Pili, volteji hupimwa kati ya mguu wa chanya na wa hasi wa kila chipu. Tatu, kila mguu wa kuingiza hupimwa ili kuthibitisha kwamba uko wazi katika 0 au wazi katika 1, na wowote unaokutwa katikati huulizwa umeunganishwa na nini. Nne, lango linaloshukiwa hutengwa: waya wa mguu wake wa kutoa huondolewa, kisha lango hupewa maingizo yote ya jedwali lake likiwa peke yake. Likijibu vizuri likiwa peke yake na vibaya likiwa limeunganishwa, basi si bovu, bali kuna kitu kinacholivuta huko mbele.

Saketi inapokuwa ndefu, fundi hapimi kutoka mwanzo hadi mwisho kama anayetembea na ukuta gizani. Hupima katikati. Hali ya katikati ikiwa sahihi, kwa ingizo lilelile lililoleta kosa, hitilafu imo katika nusu ya pili. Isipokuwa sahihi, imo katika nusu ya kwanza. Na nusu hiyo nayo hugawanywa tena. Kwa njia hii saketi ya hatua nane huhitaji vipimo vitatu tu kufikia hatua yenye kosa, na mwanafunzi aliyefuata njia hiyo mara moja hatarudi tena kwenye desturi ya kuchomoa na kuchomeka kila kitu kwa matumaini.

Kuna hitilafu ambazo multimita haizioni, nazo hazina budi kutajwa japo kwa ufupi. Malango yanapobadilika hali kwa pamoja huvuta mkondo wa ghafla unaoyumbisha volteji kwa muda mfupi kuliko uwezo wa kipimo, na dawa yake ni kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.1 inayowekwa karibu na miguu ya umeme ya kila chipu ili iwe akiba ya papo hapo. Swichi nayo, inapofungwa, hudundadunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia, hivyo saketi ya kuhesabu huona mibonyezo kadhaa mahali ambapo mkono ulibonyeza mara moja. Aliyezoea kupima huzitambua hitilafu hizi kwa njia ya kuondoa: umeme upo, maingizo ni safi, malango ni mazima, basi tatizo ni la muda.

Jambo lililoufanya utaratibu huo uwe na nguvu lilikuwa daftari. Kila ukurasa ulichorwa safu tatu: kilichotarajiwa, kilichopimwa na kilichobadilishwa, na sharti lilikuwa kubadilisha kitu kimoja tu kati ya kipimo na kipimo. Vijana walilalamika kwamba kuandika kunawachelewesha, na ilikuwa kweli kwa wiki za mwanzo. Lakini aliyebadilisha vitu vitatu kwa mpigo na saketi ikapona hakuweza kusema ni kipi kiliiponya, na wiki iliyofuata aliugua ugonjwa uleule. Mwandishi anapoyafungua madaftari hayo leo, anakuta nyaya zilizoingizwa safu ya jirani, reli zisizovushwa, miguu iliyojikunja, miguu iliyoachwa hewani na vibanio vilivyochoka. Chipu zilizokufa kweli zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na karibu zote ziliuawa na aliyezichomeka kinyume.

Thamani ya mafunzo haya haiishii kwenye chipu za zamani. Kompyuta za leo zimejengwa kwa mabilioni ya transista ambazo hakuna kidole kinachoweza kuzigusa, lakini fundi wa simu, wa paneli za jua au wa mashine za hospitali bado anasimama mbele ya kifaa kilichonyamaza na kuchagua kati ya kupima na kudhani. Anayedhani hubadilisha kipande, humlipisha mteja, na kifaa hurudi baada ya siku mbili kikiwa na ugonjwa wake. Katika nchi ambazo kipuri huagizwa kwa fedha za kigeni na kusubiriwa kwa wiki, kila kipande kizima kinachotupwa kwa tuhuma isiyopimwa ni hasara ya mgonjwa, ya mkulima au ya mwanafunzi aliyekuwa akikisubiri.

Kwa hiyo walimu wa maabara za elektroniki wanaombwa jambo moja lisilohitaji bajeti: alama zisitolewe kwa taa iliyowaka peke yake, bali zitolewe pia kwa ukurasa wa daftari unaoonyesha jinsi hitilafu ilivyotafutwa, hata kama saketi haikukamilika kabla ya kengele. Nao vijana wanaoanza kazi hii waombwe waipime miguu ya chipu kabla ya kuichomoa. Kijumlishi kile hakikutiwa sahihi siku ile. Waya mmoja mwekundu wenye urefu wa sentimita mbili uliivusha reli ya chanya, taa ya kubeba ikang'aa sawa na mwenzake, na Mzee akaagiza jedwali lote lianzwe upya, kutoka mstari wa kwanza.